Mchanga Uliochora Sauti

Vijana wangu wa karakana, mliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu. Vyeo sitavitaja. Nilikuwa navyo viwili tu, fundi umeme na fundi wa kila kitu, na hicho cha pili hakuna aliyenipa, nilikiokota tu njiani. Nitaandika yale ambayo mikono yangu inayakumbuka sasa inapopumzika, ingawa kupumzika kwenyewe bado haijakuzoea.

Nilikulia katika kambi ya polisi hapa Kampala. Baba alikuwa koplo kutoka Lira, Mwislamu, na mama alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo nyumbani sikukuu zilikuwa nyingi na Kiswahili kilikuwa cha kambini, kinachofaa zaidi kutoa amri kuliko kubembeleza. Nikasomea umeme, nikapata kazi ya kutengeneza mafriji karibu na soko la Nakasero. Friji ndilo lililonileta kwenye nyumba ya sanaa.

Siku hiyo Bi Nansubuga, mkurugenzi wetu, alimtuma askari wa lango aje kunichukua. Friji lililokuwa kwenye maonyesho lilikuwa limezimika na wageni walikuwa njiani. Nilipolifungua nikakuta chapati. Kila rafu ilikuwa na chapati moja kwenye sahani, na kando yake kibandiko chenye jina. Tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu. Nadhani mkono wangu uliinuka wenyewe, kwa sababu mwanamume mmoja mrefu mwenye ndevu alisema nyuma yangu, bila haraka, "Usile. Huo ni mwezi."

Huyo alikuwa Mzee Wafula, fundi mkuu. Akanieleza kwamba msanii mmoja aliangalia chapati yake kwa muda mrefu kupita kawaida, akaona zile alama za kuungua zinafanana na madoa ya mwezi. Basi akasoma juu ya miezi yote inayozunguka sayari nyingine, akamtafuta muuza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, wa mtaani kwake, wakakaanga mwezi mmoja mmoja.

"Sasa huu wa pili kutoka juu umeanza kuota ukungu," Wafula alisema.

"Na wanasayansi wanasemaje?"

"Wanasema, Afande, tengeneza friji."

Kiswahili changu cha kambini kilikuwa kimeshaniponza. Tangu siku hiyo jina langu, Akello, alilitumia akiwa amenikasirikia tu.

Nilisafisha sehemu moja iliyokuwa na kutu, friji likanguruma, nikabaki kuangalia wageni. Mama mmoja mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka akamgeukia msanii na kumuuliza, kwa dhati kabisa, kwa nini mwezi wa juu una madoa. Wakasimama pale wakizungumzia mawe yanayoanguka kutoka angani, chai ikapoa mikononi mwao. Wiki iliyofuata nilirudi kuuliza kama wana kazi.

Ninyi mmemfahamu Wafula akiwa tayari ni mzee wa kukaa kwenye kiti. Mimi nilimkuta akiwa juu ya ngazi. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja Kampala kuchomelea madirisha, akaishia kuchomelea sanaa. Mkewe, Mama Nekesa, alikuwa akiuza maharage na kabichi Kalerwe, na mpaka leo anauza. Wafula hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinikabidhi timazi, akaniambia nisiuamini ukuta wowote wa mji huu mpaka niupime mwenyewe. Alinifundisha kukata waya mrefu kuliko unavyohitajika, kwa kuwa wasanii hubadili mawazo. Na alinifundisha kwamba msanii akileta kazi yake, usianze kumuuliza urefu na uzito. Muulize kwanza anataka watu wafanye nini wakifika mbele yake. Urefu na uzito vitafuata vyenyewe, na kwa kawaida vitakuwa vimekosewa.

Wakati ule nyumba yetu ilikuwa imeanza kujulikana kwa wasanii waliocheza na sayansi. Sijui walijuanaje. Mmoja alijenga tumbo la ng'ombe la kupita watu, vyumba vinne vya turubai vilivyojazwa upepo kwa mashine. Unaingia kama jani na kutoka kama jani lililosagwa. Siku ya ufunguzi umeme ukakatika. Tumbo lile likaanza kushuka taratibu juu ya wageni, wakiwemo wa ubalozi, na Wafula akaingia na fagio akalishikilia juu kama nguzo ya hema huku mimi nikiwaongoza watu kutoka kwa mlango walioingilia. Mgeni mmoja alitoka nywele zikiwa zimesimama, akasema, "Mimi nimecheuliwa." Bi Nansubuga aliniagiza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kazi ya upepo bila jenereta. Agizo hilo bado lipo, liheshimuni.

Nilikuwa na furaha miaka hiyo, na sikujua kwamba kulikuwa na kitu kinapungua karibu yangu kila siku. Wafula alitumia grainda bila kuziba masikio. Alisema anahitaji kusikia chuma kinasema nini. Kwanza aliacha kusikia simu. Kisha akaanza kuniomba nirudie maneno, halafu akaacha kuomba na kuanza kuitikia kwa kichwa kila nililosema, hata nilipouliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo. Siku moja ubao ulichomoka juu ya jukwaa. Nilipiga kelele, nikapiga tena, yeye akiwa amenipa mgongo anafunga skrubu. Ubao ukaanguka pale ambapo alikuwa amesimama muda mfupi kabla ya kuinama. Alijua tu kwa vumbi. Aligeuka, akauangalia ubao, akaniangalia mimi nikiwa bado nimefunua mdomo, akavua glavu zake na kuziweka juu ya meza. Bi Nansubuga hakumfukuza. Wafula alienda nyumbani mwenyewe, na kesho yake hakuja.

Nikawa namtembelea Jumapili, nyumbani kwao, nyuma ya soko la Kalerwe. Nikiingia yeye anaingia chumbani. Mama Nekesa ananipa chai na kuniomba radhi, ingawa hakuwa na kosa.

"Haongei," aliniambia. "Si na wewe tu. Na mimi pia. Chakula kikiiva nagonga sahani mezani asikie mtetemo, anakuja, anakula, anaondoka. Mwanangu, tumekuwa wapangaji wawili."

Nilidhani ni hasira ya mtu aliyepoteza masikio. Nilikuwa sijaelewa.

Kisha Nakato akaja. Alikuwa msichana mwembamba aliyesoma fizikia hadi mwisho, halafu akawashangaza wazazi wake kwa kuanza kuchora. Kiswahili alikuwa anajifunza kwetu karakana, akibadilisha l na r jinsi ulimi wa Kiganda unavyotaka, na mimi sikumcheka kwa kuwa Kiganda changu kilikuwa kibaya zaidi. Nikamuuliza lile swali la Wafula: unataka watu wafanye nini?

"Nataka kira mtu aone sauti yake," alisema.

Alitaka chumba chenye mabati bapa mezani. Chini ya kila bati kuna spika ndogo, iliyoungwa na bati kwa bolti moja katikati. Juu ya bati unamwaga kitu chepesi kama unga. Mtu akiimba kwenye maiki, bati linatetemeka. Sehemu nyingine zinaruka na nyingine zinatulia, na ule unga unakimbia kutoka panaporuka na kujipanga panapotulia. Inatokea picha. Sauti nyembamba ina picha yake, nzito ina yake. Wanasayansi wameujua mchezo huo zamani. Nakato alitaka kuuchezea Kampala, na watu wa Kampala.

Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Tulianza na chumvi, lakini ulikuwa msimu wa mvua, chumvi ikavuta unyevu na kuganda kama uji. Tukajaribu sukari. Asubuhi tulikuta sisimizi wamepanga mstari wao wenyewe kutoka dirishani, na Nakato akakaa chini kuwatazama kwa muda mrefu hivi kwamba niliogopa atabadilisha maonyesho. Mwisho nilienda Ggaba, nikachukua mchanga ufukweni mwa ziwa, mbali kidogo na wachuuzi wa samaki ingawa si mbali vya kutosha. Niliuosha, nikaukausha kwenye kikaango, nikauchekecha kwa kichujio cha chai. Chumba kilinuka sangara kwa wiki nzima, lakini mchanga ulikuwa mwepesi na mkavu, kama tulivyotaka.

Bado picha haikutokea. Nakato aliimba, mimi niliimba, askari wa lango aliimba na ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sisi. Mchanga ulicheza-cheza na kubaki umetapakaa. Bati lilitoa mkwaruzo mbaya. Siku za ufunguzi zilikaribia, na Nakato akaanza kuzungumzia kuahirisha, kwa sauti ya mtu ambaye ameshasikia nyumbani kwao kwamba hii si kazi.

Nikamwambia kuna mtu nataka tumuulize. Kusema kweli sikuwa na uhakika kama nataka msaada wake kwa bati, au nataka bati linisaidie kumtoa ndani.

Nilifika Kalerwe na kipande cha chaki. Kabla Wafula hajaingia chumbani nikapiga goti na kuandika kwenye sakafu ya saruji: BATI HALICHORI. NJOO.

Akasoma.

"Bati gani?"

Alilitoa neno kwa ukali wa mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya barabara. Kuku wa jirani walitawanyika. Mtoto mahali fulani akaanza kulia. Wafula aliziona nyuso zetu, akaziba mdomo kwa kiganja, na juu ya kile kiganja macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa.

"Unaona?" Mama Nekesa alisema polepole. "Mara ya mwisho aliniita sokoni hivyo. Watu wakadhani ananitukana, wengine wakaja kuniamulia. Tangu siku hiyo hajaniita tena."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kilichomfungia Wafula ndani kilikuwa sauti yake mwenyewe, zaidi ya sauti zetu. Hakujua tena ilipo. Alikuwa kama mtu anayeogopa kutembea gizani ndani ya nyumba ya watu, asije akavunja vitu.

Nikafuta neno la mwisho na kuandika: TAFADHALI. Akalisoma. Kisha akaenda kutafuta viatu vyake.

Tukaenda karakana. Nakato aliimba, mkwaruzo ukaja, Wafula akazunguka meza. Akaweka kiganja kwenye bati, akakiondoa, akakiweka kwenye meza, akakiacha hapo. Akamwita Nakato kwa kidole na kuuweka mkono wake palepale. Nakato akafumba macho.

"Meza ndiyo inaimba," akasema. "Inakula nguvu yote."

Tulikuwa tumezifunga spika moja kwa moja kwenye mbao. Nakato akawaza mpira, mimi nikakimbia kwa fundi wa boda boda kuomba tyubu zilizotoboka, Wafula akazikata vipande na kuviweka chini ya kila spika. Wote watatu tulikuwa magotini. Nakato alipoimba tena, mchanga ulitetemeka, ukasita, kisha ukakimbia kama watu walioambiwa mlango uko wapi. Ukajipanga mduara katikati na matao manne kuelekea pembeni. Nakato hakushangilia. Alikaa sakafuni na kupangusa pua kwa mkono wenye mchanga.

Ufunguzi ulikuwa alasiri. Mama Nekesa alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, bado amefunga aproni. Wafula alisimama ukutani, mahali ambapo mtu hawezi kumsemesha kwa nyuma. Foleni ilikuwa ndefu. Mtoto mmoja alipiga ukelele kwenye maiki, mchanga wote ukarukia viatu vya watu, nikaufagia na kumwaga mwingine. Zamu ya Mama Nekesa ikafika.

"Niseme nini?" akaniuliza.

"Usiseme, mama. Maneno hayachori, yanapita haraka. Imba, na uishikilie sauti."

Mama Nekesa ni mwanakwaya. Alifunga macho, akachukua sauti ya katikati ya wimbo mmoja wa kanisani kwao na kuiacha iende. Mchanga ukaamka. Mistari ilikuwa myembamba na safi, ikipinda na kukutana kama ukili wa mkeka uliosukwa na mtu asiye na haraka. Wafula akatoka ukutani. Aliinama juu ya bati mpaka nikahofia ndevu zake zitafuta picha.

"Hiyo ni yako?"

Aliuliza kwa kishindo. Chumba kizima kiligeuka. Mama Nekesa akatikisa kichwa kukubali.

"Siku zote iko hivyo?"

Mama Nekesa akafikiri. Kisha akarudi kwenye maiki na kumwita, "Wafulaaa," kwa ile sauti ya chakula kimeiva na mtu haji. Mistari ikavunjika, mchanga ukaruka, ukajipanga upya umebanana, pembe kwa pembe.

"Hiyo naijua," Wafula alisema, na akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu siku ya ule ubao.

Ndipo akanyoosha mkono, mkewe akampa maiki.

Akatoa sauti. Mchanga uliondoka kwenye bati wote, ukatumwagikia. Wafula akaganda, kiganja kikaanza kupanda kuelekea mdomoni. Nilidhani ataondoka. Nakato akasogea mezani. Alimwaga mchanga mwingine, akausawazisha kwa upande wa kadi, akashusha mkono wake hewani polepole: chini kidogo. Wafula akajaribu. Safari hii ilikuwa chini mno, mchanga ukalala. Nakato akapandisha mkono kidogo. Nyuma yetu foleni ilisubiri, na Bi Nansubuga, ambaye kwa kawaida hata mvua haikumvurugia ratiba, akawatangazia wageni kwamba chai iko nje. Wachache sana walitoka.

Mara mchanga ukaanza kutembea. Ukachora. Wafula aliishikilia sauti ile mpaka pumzi ikaisha, macho yakiwa kwenye mistari, na Mama Nekesa akaweka vidole vyake kwenye koo la mumewe.

"Hapo," alisema. "Baki hapo."

Hakuweza kumsikia. Lakini alikuwa akiuangalia mdomo wake.

Maonyesho yalipoendelea Wafula alikuja kila asubuhi kabla hatujafungua. Alisimama mbele ya bati na kutafuta sauti ile, ya kiasi, isiyorusha mchanga wala kuulaza, mpaka akajua inakaa wapi kifuani. Aliniambia ni kama kujua kina cha ngazi za nyumbani. Miguu ikishajua, macho hayahitajiki. Mwisho wa maonyesho Nakato alimpa bati moja dogo aende nalo. Mengine yalipelekwa shule ya watoto viziwi, nikaenda kuyafunga. Huko watoto walibishana kwa vidole vyao kuhusu kicheko cha nani kina picha nzuri, na mwalimu wao alilazimika kuamua kwa kura.

Sitawadanganya: masikio ya Wafula hayakurudi. Hakuna sanaa iliyoyarudisha, wala hospitali. Lakini alirudi yeye. Ndiye aliyewafundisha ninyi kuchomelea, na ndiye anayewazuia kugusa grainda kabla hamjaziba masikio. Mkiona anarudia-rudia jambo hilo, msichoke naye.

Nawashukuru wengi. Bi Nansubuga, aliyeniachia nyumba nzima nitoboe kuta zake. Nakato, ambaye baba yake alikuja siku ya mwisho ya maonyesho, akaimba mstari mmoja na kuuliza kama anaweza kuimba tena. Wasanii wote walioniletea vitu visivyo na maana na kunisubiri kwa subira mpaka maana ikanifikia. Mtu anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kuambiwa "usile, huo ni mwezi", na mimi niliambiwa siku ya kwanza.

Wiki niliyostaafu nilienda Kalerwe kumpa Wafula habari. Nilipofika mlangoni nikasikia ugomvi. Niseme nilisikia nusu yake, maana nusu nyingine Mama Nekesa alikuwa anaiandika kwa mkaa kwenye boksi.

"Sikusema hivyo," Wafula alikuwa anasema, kwa sauti yake ya kiasi. "Hapana. Nilisema maji kidogo... Nani? Jirani? Huyo anajua nini kuhusu maharage?... Sasa hapo umeandika nini? Hiyo si herufi. Andika polepole, mama. Hasira yako haisomeki."

Mkaa ukakwaruza boksi. Kisha nikamsikia akisoma, akirudi mwanzo, akisoma tena, na Mama Nekesa akaangua kicheko.

Nilikuwa nimeinua mkono nibishe hodi. Nikaushusha, nikaketi kwenye kizingiti, nikawaacha waendelee.